Walinzi wa Mtaa wa Shankill

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Mwenyekiti, wazee wangu wa mstari wa mbele, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojibanza kule mlangoni kama watu wanaosubiri nafasi ya kuchomoka, ahsanteni kwa kuja na jua hili.

Niliombwa nizungumze juu ya vita vya madhehebu. Nikawaambia waandalizi kwamba hiyo ni bahari, na mimi mwalimu mstaafu sina chombo cha kuivuka. Nipeni mtaa mmoja tu. Basi mtaa wenyewe ni Shankill Road, magharibi ya jiji la Belfast, Ireland ya Kaskazini, na habari yangu ni ya kundi la wanamgambo lililotokea hapo, Ulster Volunteer Force, yaani Jeshi la Kujitolea la Ulster. Wenyewe huliita UVF, nami nitawafuata.

Naanza na bibi mmoja. Aliitwa Matilda Gould, mjane, Mprotestanti, umri umeshapita miaka 70, akiishi Shankill mlango kwa mlango na baa. Mwenye baa alikuwa Mkatoliki. Tarehe 7 Mei 1966 watu wa UVF walikuja na bomu la petroli kuichoma ile baa. Moto ukavuka ukuta, ukamkuta Bi Matilda ndani kwake. Aliungua vibaya, akalazwa, akateseka wiki saba, akafariki tarehe 27 Juni.

Hao ndio waliojitangaza kuwa walinzi wa Waprotestanti wa Ulster, na mtu wa kwanza kuungua kwa moto wao ni ajuza wa Kiprotestanti wa mtaa wao wenyewe. Lishikeni neno hilo, kulinda. Nitalirudia jioni hii mpaka mlichoke.

Najua mtu ataniuliza: walikuwa wakigombea nini hasa, Bikira Maria? La. Hakuna aliyemchomea mwenzake nyumba kwa sababu ya namna ya kubatiza. Ugomvi ulikuwa wa nchi, kwamba kisiwa cha Ireland ni cha nani na kitawaliwe kutoka wapi. Karne ya 17 wafalme wa Uingereza waliwaleta walowezi wa Kiprotestanti kutoka Scotland na Uingereza, wakawapa ardhi ya Ulster, jimbo la kaskazini, wenyeji Wakatoliki wakasogezwa pembeni. Sisi tuliozaliwa Kenya hatuhitaji kuelezwa sana neno mlowezi. Tofauti ni kwamba wale walikaa miaka 300, wakazaa, wakazika, wakawa hawana kwao kwingine. Dini ikabaki kuwa alama tu ya kumjua mtu. Na watu wa Belfast ni mafundi wa kumjua mtu! Watakuuliza jina lako, shule uliyosoma, kisha watakusikiliza unavyotamka herufi H. Mkatoliki huitamka kwa kupuliza mwanzoni, Mprotestanti haipulizi. Kuna miaka ambapo pumzi hiyo ilitosha kumpeleka mtu kaburini.

Sasa, jina UVF halikuzaliwa mwaka 1966. Liliokotwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wairishi walio wengi, Wakatoliki, walikuwa wakikaribia kupata bunge lao Dublin. Waprotestanti wa kaskazini wakakataa katakata. Tarehe 28 Septemba 1912 walianza kutia sahihi kiapo cha kupinga, wanaume na wanawake karibu nusu milioni. Januari 1913 wakaunda jeshi lao, chini ya mwanasheria mashuhuri Edward Carson, ambaye, cha ajabu, alikuwa mzaliwa wa Dublin. Aprili 1914 wakaingiza kwa magendo, usiku, katika bandari ya Larne, bunduki zipatazo 25,000. Walizinunua wapi? Ujerumani. Wanaojiita watiifu kuliko wote kwa mfalme wa Uingereza wakanunua silaha Ujerumani ili wapambane na serikali ya mfalme huyohuyo, ikibidi.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Miezi michache baadaye vita kuu vikazuka. Vijana wa UVF wakajiandikisha kwa maelfu, wakatengenezewa divisheni yao, ya 36. Tarehe 1 Julai 1916, mtoni Somme huko Ufaransa, walitoka kwenye mahandaki asubuhi wakiikabili mizinga ya Wajerumani. Katika siku mbili walipoteza zaidi ya watu 5,000, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Kuna mitaa Belfast iliyokosa nyumba isiyokuwa na msiba. Ndipo jina likawa takatifu. Ukutani kwa bibi utakuta picha ya babu katika sare, amekufa Somme, na mtoto anakua akiitazama picha hiyo kila akila uji.

Mwaka 1921 kisiwa kikagawanywa. Kaunti sita za kaskazini zikabaki Uingereza, Waprotestanti wakiwa takriban theluthi mbili ya watu. Wakawa na bunge lao, polisi wao, na kazi zao. Kiwanda cha meli cha Harland and Wolff, kile kilichounda Titanic, kiliwahi kushuhudia wafanyakazi Wakatoliki wakifukuzwa kwa kipigo mwaka 1912 na tena 1920. Nyumba za halmashauri, ajira, mipaka ya majimbo ya uchaguzi, vyote vilipimwa kwa mizani ya dini. Nasema haya ili msidhani kwamba ndege wa amani alikuwa ametua, halafu wakaja wahuni kumfukuza.

Tufike 1966. Waziri mkuu wa Ireland ya Kaskazini alikuwa Terence O'Neill, Mprotestanti wa tabaka la juu. Kosa lake lilikuwa lipi? Alimkaribisha mwenzake wa Dublin, waziri mkuu wa Ireland ya kusini iliyokwisha kujitawala, kunywa chai mwaka mmoja nyuma yake, na alikuwa akiongea habari za kujenga madaraja. Kwa baadhi ya watu wake huo ulikuwa usaliti. Mchungaji mmoja kijana mwenye sauti ya radi, Ian Paisley, alikuwa akiwaka mitaani. Na ndani ya Shankill watu wachache, sijui kama wangejaza basi dogo, wakalifufua jina la UVF. Aliyejulikana zaidi ni Gusty Spence, mfanyakazi aliyekuwa askari wa kikosi cha Royal Ulster Rifles na kuwahi kutumikia Cyprus.

Tarehe 21 Mei walipeleka tangazo magazetini, limetiwa sahihi ya kapteni wa uongo. Wametangaza vita dhidi ya IRA, jeshi la siri la Wairishi waliotaka kisiwa chote kiwe nchi moja, na wakasema kila mwana-IRA ajulikanaye atauawa bila huruma. Tangazo zito. Shida ni kwamba IRA ya mwaka ule ilikuwa hoi. Kampeni yake ya mwisho ilikufa 1962, bunduki zimeshika kutu, viongozi wake wanajadili siasa za mrengo wa kushoto. Walinzi wamejipanga, adui haonekani.

Basi tazameni wanavyofanya walinzi wasiopata adui. Tarehe 27 Mei vijana wanne walitumwa kumsaka mwana-IRA mmoja. Hawakumpata. Wakazunguka na gari mitaa ya Wakatoliki, wakamkuta John Scullion, mtu wa kawaida, miaka 28, anarudi kwake usiku. Wakampiga risasi, akafa baada ya wiki mbili. Spence mwenyewe alikuja kueleza miaka ya baadaye fikra iliyokuwapo: ukimkosa mwana-IRA, mpige Mkatoliki yeyote. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni wahudumu wanne wa baa ya hoteli, Wakatoliki, walitoka kazini wakaenda kupata kinywaji mtaa wa Malvern, Shankill. Walipotoka nje walimiminiwa risasi. Peter Ward, miaka 18, akafa palepale. Siku iliyofuata ndipo alipokata roho Bi Matilda.

Hesabu yao ya miezi miwili, basi, ni mjane, mlevi aliyekuwa akijiendea nyumbani na kijana mpangusa meza. Mwana-IRA hakuna hata mmoja.

O'Neill alikuwa Ufaransa, kwenye kumbukumbu ya miaka 50 ya Somme. Akarudi mbio, akalipiga kundi marufuku, na bungeni akasema kwamba sasa limepata mahali pake panapolistahili, kwenye orodha moja na IRA. Spence alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kifo cha Ward, ingawa yeye mpaka mwisho alikana kuwa ndiye aliyepiga. Ungedhani mambo yamekwisha.

Mwaka 1969 yakalipuka mabomba ya maji na vituo vya umeme kuzunguka Belfast. Mabomba makavu! Kila mtu akasema IRA wamerudi. Haikuwa IRA. Ilikuwa ni hao hao watiifu, UVF na wenzao, wakitega mabomu ili lawama iende upande wa pili na O'Neill aonekane dhaifu. Akajiuzulu mwezi wa Aprili, na baadaye akaandika kwamba ni mabomu yale yaliyompeperusha madarakani. Agosti ile mitaa ikawaka, familia za Kikatoliki zikachomewa nyumba, jeshi la Uingereza likaingia. IRA, ambayo ilikuwa hoi, ikapata sasa sababu ya kuishi: eti kuwalinda Wakatoliki. Mnaona neno letu linavyozaa? Mlinzi huyu anamzaa mlinzi yule. Na tuwe wakweli, IRA ndiyo iliyokuja kuua watu wengi kuliko kundi jingine lolote katika vita vile. Waliokufa kwa jumla ni kama 3,500, na IRA peke yake ilihusika na karibu nusu. UVF iliua zaidi ya 400, wengi wao sana wakiwa raia Wakatoliki wasio na kundi lolote.

Miaka ya 1970 nitaipita haraka, maana ukiieleza yote hakuna atakayekula leo usiku. Tarehe 4 Desemba 1971, Jumamosi, bomu liliwekwa mlangoni mwa baa ya McGurk, mtaa wa North Queen. Watu 15 walikufa. Polisi wakasema bomu lilikuwa la IRA, limewalipukia wenyewe. Miaka ikapita familia zikibeba msiba na tuhuma kwa pamoja, hadi mwaka 1978 alipohukumiwa mtu wa UVF aliyekiri. Mwenye baa, Patrick McGurk, alimpoteza mke na binti katika moshi ule, na usiku uleule alionekana kwenye televisheni akiomba watu wasilipize. Nimefundisha miaka 34, na sijawahi kuweza kuwaeleza wanafunzi mtu huyu alitoa wapi sauti.

Tarehe 17 Mei 1974, saa kumi na moja na nusu jioni, watu wanatoka kazini Dublin, magari matatu yakalipuka ndani ya dakika moja na nusu hivi, bila onyo. Baadaye la nne mji wa Monaghan. Watu 33. Ndiyo siku iliyoua watu wengi kuliko zote katika vita vile. UVF ilikuja kukiri mwaka 1993, na mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani. Mwaka 1975, Julai, wanamuziki wa bendi ya Miami Showband walisimamishwa usiku barabarani na watu waliovaa sare za jeshi. Lilikuwa banda la ukaguzi la uongo. Wawili wa UVF walikuwa wakificha bomu ndani ya gari la bendi ili liripuke mbele ya safari, likawalipukia mikononi. Wenzao wakawamiminia risasi wanamuziki, watatu wakafa, na mmoja wao alikuwa Mprotestanti. Kati ya waliohukumiwa walikuwamo askari wa kikosi halali cha serikali. Sare hazikuwa zote za kuazima.

Hapo ndipo mzee mmoja, najua, atataka kuniuliza kama Waingereza walikuwa na mkono wao. Nitaanzia nyumbani kwetu. Wakati wa Mau Mau palikuwa na ofisa kijana hapa Kenya, Frank Kitson, aliyekuwa akiwachukua wapiganaji waliokamatwa, anawageuza, anawavisha matambara yaleyale na kuwarudisha msituni kuwasaka wenzao. Wazee wa Nyeri na Murang'a wanajua vizuri ubaya wa mtu usiyejua ni wa nani. Kitson huyohuyo, kuanzia 1970 hadi 1972, alikuwa kamanda wa brigedi ya jeshi mjini Belfast. Simsingizii kuunda UVF, kundi lilikuwapo kabla hajafika. Ila ule ustadi wa kuingiza watu wako ndani ya kundi la siri haukubaki Aberdare. Mwaka 2007 msimamizi wa malalamiko ya polisi wa Ireland ya Kaskazini alitoa ripoti kwamba watoa habari waliolipwa na polisi, wanachama wa UVF kaskazini ya Belfast, walihusika na mauaji huku wakilindwa. Wakilindwa, tena. Na 2016 ripoti nyingine ikasema palikuwa na ushirikiano wa polisi katika mauaji ya Loughinisland, kijiji ambapo mwezi Juni 1994 watu sita walipigwa risasi mgongoni baani, wamekaa wanatazama Ireland ikicheza na Italia kwenye Kombe la Dunia. Mkubwa wao alikuwa na miaka 87, amevaa suti yake nzuri kwa ajili ya mechi.

Na mtaani je, Shankill kwenyewe, walinzi waliishije na waliolindwa? Kwanza kulikuwa na ada. Mwenye duka, mjenzi, dereva, kila mmoja alitoa chochote kwa ajili ya usalama wake, na asiyetoa aliujua usalama huo ulikuwa wa nani. Kisha palikuwa na Lenny Murphy na genge lake, watu wa UVF, waliokuwa wakiteka watu usiku na kuwachinja kwa visu. Mtaa mzima ukijua, mtaa mzima ukinyamaza. Februari 1979 watu 11 walihukumiwa kwa mauaji 19. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe umeshonewa na jirani.

Sasa nirudi gerezani, kwa sababu hapo ndipo habari inaponivutia zaidi kuliko kwenye mabomu. Spence alikuwa akitumikia kifungo chake. Julai 1972 alipewa ruhusa ya siku mbili kuhudhuria harusi ya bintiye, watu wake wakamteka kwa mchezo wa kuigiza, akakaa nje miezi minne akilipanga upya kundi kijeshi. Alipokamatwa akapelekwa Long Kesh, kambi ya wafungwa ya mabanda ya mabati, akawaendesha wafungwa wake kama kambi ya mfalme: kuamka mapema, viatu ving'ae, gwaride. Huyo si mtu aliyelainika. Lakini mwaka huohuo alimwandikia barua ya rambirambi mjane wa Joe McCann, kamanda wa IRA aliyepigwa risasi na askari, akisema yule alikuwa askari wa upande wake na mimi wa upande wangu. Fikirieni barua hiyo ikivuka ukuta.

Kila mfungwa mpya akifika, Spence alimuuliza swali moja. David Ervine, kijana aliyekamatwa Novemba 1974 akiwa na bomu ndani ya gari, alilisimulia mara nyingi. Akaulizwa: kwa nini uko hapa? Akajibu: kupatikana na vilipuzi. Spence akamwambia: sikuulizi hilo, nakuuliza kwa nini uko hapa. Ervine alikasirika, akamwona mzee ana kiburi. Akakaa na swali lile miaka. Mle gerezani hawakuwa na la kufanya, ila kusoma na kubishana, na wengine walianza kuuliza jambo la hatari: huyu maskini Mkatoliki ninayeulinda mtaa wangu dhidi yake, mbona nyumba yake na yangu zinavuja sawasawa?

Sitaki muwafanye malaika. Wakati Spence akibadilika ndani, nje kundi liliendelea kuua. Aliacha ukamanda mwishoni mwa miaka ya 1970, akaachiliwa 1984, na damu ilimwagika miaka kumi mingine. Hatimaye tarehe 13 Oktoba 1994, wiki sita baada ya IRA kusimamisha vita, alikaa Fernhill House, jumba ambalo UVF ya enzi za Carson ilikuwa ikifanyia mazoezi, akasoma tangazo la makundi ya Kiprotestanti kuweka silaha chini. Ndani yake mlikuwa na maneno ya majuto ya kweli kwa ndugu za wote waliouawa bila hatia. IRA haikuwa imesema hivyo. Ervine akaingia siasa, akawa mmoja wa waliokaa mezani hadi mkataba wa amani wa 1998, uitwao Mkataba wa Ijumaa Kuu, na alipofariki Januari 2007, Gerry Adams, kiongozi wa chama cha upande wa IRA, alikwenda mazishini kwake, Belfast mashariki, katikati ya watu ambao zamani wangemwua. Mei ya mwaka huo Spence akasoma tangazo jingine, la kuvunja uanajeshi. Silaha zikatangazwa kuharibiwa mwaka 2009.

Kundi lenyewe halikuyeyuka. Tathmini rasmi ya Oktoba 2015 ilisema muundo wake bado upo. Mimi nilifika Shankill mara moja, nimemfuata binti yangu aliyekuwa akisoma Uingereza. Kuna ukuta kati ya mtaa ule na wa Wakatoliki, mrefu kuliko nyumba, na una lango la chuma linalofungwa jioni. Tulisimama pale. Mama mmoja alikuja mbio na mifuko yake ya dukani, akapita kabla hawajafunga, akashukuru, akaendelea. Nilimuuliza dereva wa teksi kama watu hawataki liondolewe. Akasema wanataka, lakini si mwaka huu. Ukuta ulianza kujengwa 1969.

Gusty Spence alifariki tarehe 25 Septemba 2011, miaka 78. Aliagiza pasiwe na bendera wala vazi lolote la UVF, na juu ya jeneza ikawekwa bereti ya Royal Ulster Rifles. Wanasiasa walikuja, wakamwita mpatanishi, na kwa sehemu ni kweli. Ila kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekataa neno hilo hadharani. Alisema yule alikuwa mtu mbaya, mwovu. Alikuwa mjukuu wa Matilda Gould.

Haya, nani ana swali? Naona mikono kule mlangoni.